Spana Ndani ya Kitambaa

Kaka yangu mpendwa Arvid,

Pokea salamu kutoka huku tambarare, ambako theluji ya kwanza imeshaanguka na upepo haujapumzika tangu Jumapili. Goti lako linasemaje huko milimani? Na wageni wako wa mjini, wameshajifunza kutembea bila kuwafukuza wanyama wote? Sisi huku ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili makusudi. Huko kwenye kambi yako ya wawindaji simu haishiki, na ya kwetu iko jikoni, ambako Leland anashinda siku hizi, kwa hiyo barua hii nampelekea wifi Bernadine akuletee pamoja na mahitaji yako.

Unajua kwamba ukame ulitulazimisha kuuza ng'ombe wote. Tangu hapo mume wangu Leland anaamka kabla ya alfajiri kama zamani, anavaa buti zake, kisha anakaa kitini bila pa kwenda. Chakula anakichokonoa tu. Nilimwomba twende kwa daktari, akaniuliza kama daktari huyo ana ng'ombe wa kumpa. Naogopa, Arvid. Namwogopea yeye.

Kwa hiyo aliposema anataka kupanga sanduku la dharura la gari kwa ajili ya baridi, nilifurahi kama mjinga. Akatia mablanketi, koleo, mchanga, na mishumaa ndani ya kopo la kahawa. Ikabaki bunduki. Baba mkwe, mzee Torvald, akaja kula pai na kubishana, maana unajua wanaume wa ukoo huu wanavyoweza kugombana juu ya bunduki mpaka kahawa ipoe. Yeye alitaka ile ya marisau, inayotawanya vijirisasi, eti hata mwenye mafua hakosi nayo. Leland akasema ataweka bastola ya marehemu babu yake.

"Bastola? Kwani unakwenda kuvamia benki?" mzee akamtania. "Ukikwama kwenye theluji unataka kitu cha kupiga mara tatu hewani, kaunti nzima isikie."

Sote tukacheka na kumsubiri Leland amjibu. Mtu aliyewahi kununiana na baba yake mwezi mzima kwa sababu ya raifali! Akasema tu kwamba bastola inamtosha, akainuka akaenda kusimama dirishani. Mzee aliendelea na pai yake. Mimi hamu ikaniisha.

Kesho yake alipokuwa bafuni nilikwenda garini nikaitoa ile bastola kwenye kitambaa alichoifungia. Ili asishtuke akilinyanyua lile furushi, nikafunga spana kubwa ndani ya kitambaa kilekile na kukirudisha sandukuni. Nilijiambia kwamba labda ninamdhania vibaya, na kwamba siku akigundua atanifokea nami nitaomba radhi.

Alhamisi jioni tulikuwa tunarudi kutoka kwenye chakula cha pamoja kanisani, kulungu jike akaruka kutoka mtaroni. Leland alifunga breki, lakini wapi. Tulimkuta amevunjika mgongo, anajivuta kwa miguu ya mbele, analia. Wewe unajua kwetu mtu hamwachi mnyama hivyo akaondoka. Leland akaenda kwenye sanduku, akarudi na furushi, akalifungua mbele ya taa za gari.

Akaitazama ile spana. Kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na gari lingine barabarani, wala nyumba ya karibu. Akaiweka spana chini taratibu, akavua koti lake, akamfunika yule kulungu kichwa, akapiga magoti na kumshika shingo, akimnong'oneza kama alivyokuwa akiwanong'oneza ndama wetu. Kulungu alichukua muda mrefu kufa. Mimi nilisimama tu, nalia, sina cha kumsaidia mnyama wala mume.

Tuliporudi garini nilijiandaa kufokewa. Arvid, nilitamani anifokee. Nilitamani aniite mwehu, aseme nimemfanya mtoto mdogo, akasirike wiki nzima. Aliwasha gari, akakaa bila kuliondoa.

"Marlys," akasema, "ulijuaje?"

Hayo tu.

Tulipofika nyumbani alinipa ufunguo wa kabati la bunduki bila kuombwa. Nimeuvaa shingoni. Daktari tumempata, lakini ni wiki ijayo, na siwezi kumkodolea macho mpaka hapo bila kusinzia. Njoo uzichukue zote. Msimu wa kuwinda ndio umeanza na baba mkwe atauliza kwa nini mwanawe hana hata raifali moja. Mwambie umeziazima kwa ajili ya wageni wako. Wewe uongo unakukaa vizuri kuliko mimi.

Mbusu wifi kwa niaba yangu na ulitunze hilo goti. Leland amenikuta nikiandika, akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Anakusalimu. Anasema uje mapema.

Dada yako akupendaye,
Marlys