Makalio Yako Yanalijua Jiwe

Hensby, 9 Februari 1774

Ambrosi mjukuu wangu,

Hivi sisi ulituzika lini, mbona hatukualikwa matangani? Pasaka mbili hujakanyaga hapa! Mimi mzima, ila goti. Kifua chako je? Flana unavaa? Anayeandika ni Lettice, binti wa kasisi, maana unyoya wa kuandikia, wa bata bukini, mimi nimezoea kuuona kwa bata mwenyewe. Nimemkataza kupamba maneno yangu.

Bwana Harcastle, huyo aliyekupa kiti cha Bunge, anataka kuzungushia ua malisho yetu. Anasema ardhi ya kijiji inaishia kijitoni, ng'ambo ni yake. Ng'ambo ndiko anakolishwa ng'ombe wangu Dasi, na ng'ombe wa wajane wote. Mswada unaletwa kwenu mwezi ujao.

Ulikuwa na miaka saba mwaka ule kijiji kilipozunguka mipaka yake. Kasisi wa zamani alikunyanyua, akakugongesha makalio kwenye jiwe la mwisho, ng'ambo ya kijito, ili usisahau mpaka ulipo. Ulilia mpaka nikakunyamazisha kwa keki ya tangawizi. Wenzako wawili wa siku ile wamekufa. Shahidi umebaki wewe. Simama useme.

Bibi yako Tabitha
(alama yangu: X)

London, 20 Februari 1774

Bibi kipenzi,

Shikamoo. Flana naivaa, hata mahakamani, chini ya joho. Goti ulikande kwa mafuta ya bata, usifanye ubishi.

Jiwe nalikumbuka. Lakini Bwana Harcastle ndiye aliyenisomesha sheria, na kiti hiki ni chake. Nikimpinga, nitakirudisha siku hiyohiyo, na kesi zote anazoniletea zitakwenda kwa wengine. Nitamwomba akuachie kipande cha Dasi, wewe peke yako. Nina hakika atakubali.

Barua hii usimlipe tarishi kitu, ingawa wapokeaji wengine hulipa. Sahihi ya mbunge hapo nje inatosha. Angalau ubunge wangu una faida hiyo kwako.

Mjukuu wako Ambrosi

Hensby, 1 Machi 1774

Mchumba wangu,

Goti nimelikanda. Linanuka, lakini linakunjika.

Kipande chako nakirudisha. Dasi ale, ng'ombe wa jirani yangu Marjory amkodolee macho juu ya ua? Na mimi nitamtazama Marjory wapi, kisogoni? Lettice anasema niandike kwa upole. Huu ndio upole.

Ila sikia. Ukinyamaza, bado u wangu. Chungu kitakuwa motoni na kitanda chako kimetandikwa. Usije ukaogopa kurudi nyumbani. Lakini keki ile ya tangawizi utakuwa umeila bure.

Bibi yako
X

Hensby, 2 Aprili 1774

Ambrosi wangu,

Mwezi mzima kimya! Leo tarishi kaja na barua yako, kaikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mama Tabitha, lete malipo ya barua, peni tano."

"Umelewa? Za mjukuu wangu hazilipiwi!"

"Zilikuwa hazilipiwi. Sahihi yake haifai tena. Si mbunge huyo."

Basi nikajua, kabla hata ya kuifungua. Nikakaa kizingitini, nikalia, nikacheka, tarishi akadhani nimepagawa. Nikampa peni zake na yai juu yake.

Kisha Lettice akanisomea. Eti ulisimama saa nzima. Eti uliwaambia waheshimiwa kuwa ushahidi wako umeukalia, wakacheka hadi mawigi yakapinda, kisha wakauangusha mswada. Marjory kanifanya nisomewe hapo mara tatu.

Unasema kesi zimekukimbia na chumba umehamia cha juu, chenye baridi. Flana ya pili naifuma. Watu hawaachi kugombana, baba, kesi zitakuja. Na barua andika tu. Nitalipa kila moja, na kuku wanataga.

Ukija, usipite barabara kuu. Pita malishoni, vuka kijito, ukae juu ya lile jiwe, safari hii taratibu. Usiinuke mpaka nikuletee keki.

Bibi yako
X