Mashini yenye Mama Léontine Alingoja

Bunia, Ngezi, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja

Kwako Yaya Adeline, mukubwa wangu,

Nakusalimia sana, weye pamoja na shemeji na watoto hapo Kampala. Magoti yako inaendelea namna gani? Siye huku tuko, Mungu anatuchunga. Papa anakohoa kidogo tu. Mvua imeharibu barabara, lakini magari ya Mahagi inapita.

Unajua nilimaliza mwaka wa kwanza wa radioterapi hapo kwenu, kiisha wakanirudisha huku kufanya staji, ile mazoezi ya kazi, kwenye chumba cha radiografi, kungoja mashini ya kuchoma kansere yenye hopitali yetu iliahidiwa. Mashini haikufika. Chumba chenye walijenga kwa ajili yake, sasa tunaweka humo vitanda vya kuvunjika. Hata hivi watu wa Ngezi wananiita dokteri. Nikitoka kanisani wananishika mukono, kila mutu na uvimbe wake.

Mwezi wa sita Mama Léontine, jirani yetu mwenye alikimbia vita ya kule kijijini Fataki, aliambiwa iko na kansere ya kizazi. Ndugu yake Fiacre alikuwa amemutafutia nafasi ya matibabu hapo Kampala. Mama akakuja kuniuliza mashini ya huku itafika lini. Watu wote wa parsele, wenye tunakaa nao kiwanja kimoja, walikuwa wananiangalia. Nikajibu: mwezi wa tisa. Nilisikia haya kusema sijui. Akamuambia Fiacre kwamba haendi tena, mutoto wa jirani atamutunza hapa hapa.

Tangu pale nikafungwa na neno langu. Wakubwa wa masomo waliniandikia mwezi wa nane nirudi Kampala, nianze mwaka wa pili. Sikujibu. Ningeaga namna gani? Mama Léontine angeuliza nani atatumikisha mashini. Kila asubuhi nilipita njia ya nyuma, nisikutane naye.

Jana nilienda kwake, nikamuambia yote, kwamba ule mwezi wa tisa nilijitungia tu. Alikuwa anamenya mihogo, hakuacha. Kiisha akasema, "Gracieuse, kama ningeenda mwezi ule wa sita, ningepona?"

Nilimujibu kwamba sijui.

Yaya, najua. Nilisoma karatasi zake. Mwezi wa sita kansere ilikuwa ndogo, ingali mahali pake. Sasa imeingia kwenye kibofu, na miguu imevimba.

Atafika kwako na Fiacre siku ya posho, Jumamosi hii. Umupokee muzuri, umulalishe kwenye kitanda changu cha zamani. Atakuuliza na weye kama nilimuambia kweli. Miye sijui nikuombe umujibu nini.

Usalimie shemeji, ukumbatie watoto, na uniweke katika maombi yako.

Mudogo wako,
Gracieuse