Ubao wa Hamda

Unguja, Mfunguo Pili 1320

Kwa dada yangu Jokha, Maskati,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Paa limezibwa, na ule mwasmini wako umechanua tena.

Unakumbuka chuoni kwa Bi Mwatima, tulikosoma Kurani? Mtoto akizubaa, huitwa kisimani kuosha wino wa aya kwenye mbao za wenzake. Tukidhani ni adhabu, kumbe huko ndiko alikotuuliza taratibu, "Mwanangu, kuna nini nyumbani?" Mwaka aliofariki mama, mimi nililia pale, maji ya wino yakinichuruzika mikononi.

Siku hizi nasomesha mimi. Mwanao Hamda, tangu uolewe huko, hasomi; anatazama mlango tu. Jana mimi khaloo wake nikamwita kisimani.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Khaloo, mama kaniacha kwa sababu mumewe hanitaki?"

Watoto wa watu huwajibu. Huyu nilimtekea maji tu.

Kaosha mbao zote za wenzake, ubao wake kaukumbatia. Nilipoutazama hauna aya hata moja. Kaandika jina lako, juu mpaka chini.

Nimeutundika chumbani kwangu. Njoo uuoshe mwenyewe.

Nduguyo akutamaniye,
Bahiya