Ukuta wa Jikoni kwa Mama Mkubwa

Pangani, Kibaha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe na Baba mkiwa wazima, na kifua chako kiwe kimepoa. Mimi sijambo na masomo yanaendelea. Mjomba anarudi huko kwenu Masaki kesho na pikipiki yake, nimeona nimpe barua. Kwenye simu siwezi kueleza haya, maana siku hizi ukisema neno sebuleni, Bibi anakujibu kutoka jikoni.

Najua Bibi alikupigia akasema anarudi kwenu kwa sababu ya ukuta. Ilikuwa hivi.

Unalikumbuka jiko la hapa: halikuwa na dirisha, mchana tuliwasha taa, na moshi wa mkaa ulizunguka humo humo. Bibi alipojimwagia uji mguuni kwa kutoona, Mama Mkubwa akaita fundi, atoboe dirisha upande wa uani na kubomoa nusu ya ukuta wa sebuleni, ili mwanga upite na anayepika asiwe peke yake.

Dirisha Bibi alilipenda. Ukuta akakataa usiguswe.

"Mgeni akishaiona sufuria, hatakula kwa raha," alisema. "Atakuwa anapima atubakizie kiasi gani."

"Mguu wako kwanza, mama," Mama Mkubwa akamjibu. Fundi akabomoa. Bibi akapanga nguo zake kwenye begi, akasema Mjomba akija tu, anaondoka naye.

Jumatano mchana akaja Mama Salma, jirani ambaye ni shoga wa Bibi. Tulikuwa na ugali na kunde, tena kidogo. Bibi akatupakulia sisi na mgeni, akabaki amesimama jikoni.

"Wewe mbona huli?" Mama Salma akauliza.

"Nimeshaonja huku huku."

Zamani tungeamini. Sasa wote tuliiona sufuria imekwanguliwa, na sahani yake kavu. Bibi alipoona tunatazama, akasema, "Basi, nimefunga sunna."

"Leo Jumatano, mama," Mama Mkubwa akasema.

Mama Salma akacheka mpaka akarudisha tonge. "Shoga, sunna ni Jumatatu na Alhamisi, hii ya Jumatano umeileta wewe! Njoo ukae hapa."

Mama Mkubwa hakucheka. Nadhani alikuwa anawaza wageni wote waliowahi kula katika nyumba hii wakati ukuta ungali mzima. Akainuka, akabandika maji, akasonga ugali mwingine mbele ya mgeni bila kuficha kitu. Bibi akakaa mkekani, akala.

Kesho yake fundi alikuja kupigilia rafu ya vyombo jikoni. Bibi akatoka chumbani, akaitazama.

"Umeipandisha mno. Nitaifikiaje? Nikuite wewe kila asubuhi?"

Fundi akaishusha. Leo Mjomba amefika, na Bibi hajamuuliza wanaondoka saa ngapi.

Msalimie Baba, na mdogo wangu Hamisi umwambie asiache kusoma. Shangazi naye, mwambie mihogo yake imefika na tumeshaila.

Mama, tangu Jumatano kuna jambo linanisumbua. Hata wewe, sisi tukiwa tunakula, husema umeshaonja jikoni. Sikuulizi kwa barua. Likizo ikifika nitakuja kukaa humo jikoni, nile sahani moja na wewe.

Ni mimi mwanao anayekuwaza,
Zuhura