Macho ya Mgombea

Chumba cha uani,
Nyumba ya fundi viatu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumamosi, kesho tunapiga kura.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo ya bibi arusi! Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua kwenye ngazi? Na wale mapacha, wameacha kupigania dirisha? Sisi ni wazima, na leo neno hilo naliandika kwa shukrani kuliko siku zote.

Ndoa ni tamu, Shangazi, mbona hukuniambia? Mume wangu akirudi, namjua kwa hatua zake tangu kwenye geti, na moyo unaruka kama vile hatukuagana asubuhi ile ile. Ananiangalia nikisuka nywele mpaka namwambia, "Wewe, hujachoka?" Anasema bado anajifunza.

Ila hali ni ngumu mno. Kiwanda cha sabuni kilifungwa, na wanaume wa mtaa huu wanashinda wamekaa vizingitini. Mume wangu, unajua ni mchoraji wa mabango ya maduka. Mwaka huu wote hakuna aliyefungua duka. Kazi aliyopata ni kuandika INAUZWA kwenye milango ya watu, mpaka akasema mkono wake umesahau maneno mengine.

Kwa hiyo chama kimoja kilipomwita achore sura ya mgombea wao wa urais kwenye ukuta wa kiwanda, tulicheza humu chumbani! Walimpa picha ndogo ya gazeti, imefifia, macho hayaonekani vizuri. Akapanda ngazi. Nilimpelekea chai na kukaa chini pale kumtazama, maana mke mpya hana haya.

Alipomaliza juzi, watu wakakusanyika. Muuza vitunguu akapiga kelele, "Jamani njooni! Mgombea kaazima macho ya bibi arusi!"

Shangazi, yalikuwa macho yangu. Kope zangu, na kile kijicho cha kushoto kinachosinzia. Mtaa mzima ulicheka. Fundi viatu, mwenye nyumba wetu, akasema, "Basi kura yangu anayo, shemeji." Nami, nakiri, nilijisikia malkia. Mwanamke gani amependwa hadharani namna ile, kwa ukubwa ule?

Kicheko kikafika kwa wapinzani. Vijana wao wakaanza kupita wakiimba kwamba mgombea ni mke wa mchoraji. Hapo ndipo, jana, mwenyekiti wa tawi la chama kilichompa kazi alipokuja.

"Nani kakutuma?" akamuuliza mume wangu. "Wamekupa nini umfanye kiongozi wetu kichekesho?"

"Sikutumwa, mwenyekiti. Mkono umezoea."

"Umezoea nini?"

Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Kesho msafara unapita hapa. Nikiyakuta macho hayo, hutajieleza kwangu. Utajieleza kwa vijana wangu."

Tunawajua vijana hao. Wiki iliyopita mshona bendera wa upande wa pili walimvunja mkono, mkono wa kazi. Nilimsihi mume wangu akayafute. Akagoma! "Nikiyafuta nitakuwa nimekubali kwamba nilifanya makusudi." Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza. Nikamwambia, "Na usipoyafuta, nitakuwa mjane kabla sijazoea kuitwa mke." Kisha akachukua brashi.

Asubuhi hii alipopanda, vijana wanne ndio walioshika ngazi. Walikuwa wanaitikisa kidogo, wanacheka, wanaiachia, wanaidaka tena. "Angalia usidondoke, msanii!" Mimi nilizuiwa ng'ambo ya barabara. Aliyafuta yangu, akachora mengine, na ving'ora vya msafara vilikwishaanza kusikika.

Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akarudi nyuma, akatazama, akampigapiga begani. "Sasa kafanana!"

Msafara ukapita. Mgombea alipungia watu mkono, wala hakuinua kichwa.

Lakini mimi niliinua. Macho yale yamekodolewa, yanatazama chini, yanapima umbali wa kuanguka. Ni ya mume wangu. Alichora woga wake mwenyewe, na wao wakaona ni sura ya rais. Nililia pale barabarani, watu wakadhani ni mapenzi ya chama.

Tuliporudi chumbani hakuweza kushika kikombe, nimemnywesha mimi. Akasema, "Kesho tutapiga kura. Halafu ashinde atakayeshinda, ukuta ule naupaka chokaa." Nikamwambia safari hii ngazi naishika mimi, na wakitaka kuitikisa waanze na mimi. Sijui kama tunafanya la busara, Shangazi. Najua tu kwamba hatakuwa peke yake kwenye ngazi ile. Tuombee foleni ya kura ipite salama.

Nisalimie Bibi, mwambie mkwewe anajua kupika kuliko mimi. Wabusu mapacha kwenye mashavu, hata wakikimbia. Mungu akulinde, alainishe goti lako, na atukutanishe sote tukiwa na viungo vyetu vyote.

Wako akupendaye, sasa kwa nyoyo mbili,

Chiriku wako