Wagonjwa Tisa wa Chumba cha Tanuri

Chumba cha Katibu,
Nyuma ya Kanisa.
Jumatano, tarehe 14, mwezi wa nane.

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba yako, nikitumaini ya kuwa barua hii itakukuta u mzima, na ya kuwa lile goti la kushoto limeacha kukusumbua uingiapo zamu wodini. Mimi ni mzima wa mwili, ingawa naandika kwa haraka, kama utakavyoona katika mwandiko huu. Niwie radhi kwa mwandiko, na zaidi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ya mwezi wa tano ninayo hapa mezani. Uliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: kama nimekwisha kugawa nguo za marehemu dada yako. Sikujibu kwa kuwa nilikuwa sijagawa hata moja, nami niliona haya. Leo nakuletea koti lake la sufu. Sababu yake utaiona mbele.

Unajua kwamba kila Jumapili mimi ndiye nisomaye majina ya wagonjwa ili waombewe. Watu huyatia katika kikapu mlangoni, nami huyanakili daftarini; nikilitaja jina, jamaa za mgonjwa husimama. Mwaka jana tulipata aibu. Walikuwapo wanawake wawili wa jina moja, mmoja mahututi, mwingine mzima. Akina mama wakaenda na uji kwa yule mzima, wakamkuta anafua mablanketi. Akawaambia, "Ombeni tu maadamu mmefika, mgongo nao unauma." Tangu siku hiyo nikaanza kuandika, baada ya jina, mahali mtu anapofanya kazi. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba mtu asiyeandikwa kwa ukamilifu hajaandikwa. Vijana huniita Bwana Nukta kwa ajili hiyo, nami sikasiriki.

Jumapili iliyopita majina yalikuwa kumi na moja. La kwanza, mshona viatu wa sokoni. La pili, kiwanda cha betri, chumba cha tanuri, pale wanapoyeyusha madini ya risasi. La tatu, kiwanda cha betri, chumba cha tanuri. La nne, vivyo hivyo. Nilipofika la tano, sauti yangu mwenyewe ilianza kunitisha. Watu walikuwa wakisimama safu baada ya safu, na waliokwisha kusimama hawakuketi. Na mbele kabisa, hatua nne kutoka kwangu, alikuwapo meneja wa kiwanda hicho, bwana aliyetununulia mabenchi yote tunayokalia. Niliendelea hadi la kumi, chumba cha tanuri, na la kumi na moja, bibi mmoja asiye na kazi ila wajukuu.

Kwa wote walioniuliza nimejibu kwamba lilikuwa zoea la karani. Wewe sitakudanganya. Ni kweli niliyanakili moja moja kama yalivyotoka kikapuni, bila kuyatazama kwa pamoja. Lakini kwenye la tano nilielewa ninachokisoma. Ningeweza kuyataja majina yaliyobaki bila kazi zake. Sikufanya hivyo. Niliyamaliza yote na kazi zake, kisha nikaketi.

Jumatatu walinijia watu wawili: mmoja wa wazee wetu wa kanisa, na wakili wa kiwanda. Walizungumza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniogopesha. Wameniachia karatasi iliyopigwa chapa, niisome Jumapili ijayo, isemayo kwamba mahali pa kazi nilipaandika kimakosa kwa sababu ya uzee, na kwamba maradhi ya watu hawa hayahusiani na kiwanda. Nisipoisoma nitashtakiwa kwa kueneza uongo, na chumba hiki kitahitajika kwa matumizi mengine. Wakili alipoinuka aliniuliza mkwe wangu anaendeleaje kule kiwandani kwao, kwenye idara ya kupakia mizigo. Sikuwa nimemwambia kwamba nina mkwe.

Tangu hapo kuna gari la kijivu ambalo kila mchana husimama mbele ya lango, vioo vimepandishwa. Pengine dereva wake anapumzika tu. Najiambia hivyo. Hata hivyo nimekiondoa kiti changu dirishani, na redio siifungulii, nipate kusikia hatua za mtu. Unakumbuka dada yako alivyokuwa akinicheka, eti nilizaliwa mwoga, hata jogoo akinitazama namwomba radhi. Laiti angekuwapo anicheke.

Nilikwenda kwa mchungaji. Naye anaogopa, wala hakunificha. Alisema hatanikataza na hatanituma, kisha akanishika mkono kwa muda mrefu, na sikujua ni nani anayemzuia mwenzake asianguke.

Jana asubuhi yule wa saba katika orodha alifariki. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Mwezi wake wa mwisho hakuweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mchana mkewe alisimama mlangoni pangu, akakataa kiti. Nilidhani amekuja kwa habari ya mazishi.

"Baba," akasema, "Jumapili utamhamishia kwenye orodha ya marehemu?"

Nikamwambia ndivyo ifanyikavyo.

"Na kazi yake utaitaja? Maana kiwandani wamekwisha kumfuta. Wanasema alikuwa kibarua wa bustani."

Hakunisihi, wala hakulia. Aliniaga na kwenda zake.

Shemeji, kwa miaka sitini nimemwomba Mungu awaangalie wanyonge. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu aombaye hivyo anaweza kutakiwa aonyeshe kwa kidole mahali walipo.

Nitamsoma, pamoja na kazi yake na chumba chake, na wale wanane waliobaki pia. Ile karatasi nitamrudishia mzee wa kanisa na kumwomba radhi kwa usumbufu. Usidhani nimepata ujasiri. Mtu akikohoa nje nashtuka. Mkwe wangu nimemweleza yote, maana mkate wake nao umo. Naye akasema, "Soma polepole, Baba. Wale wa nyuma huwa hawasikii."

Sasa ombi langu. Daftari laweza kupotea, nami naweza kuzuiwa kufika kanisani. Kurasa nne nimezinakili, na fundi cherehani wetu amezishonea ndani ya koti. Tafadhali usilivae kabla hujafumua bitana ya kushoto. Humo mna majina, siku kila mmoja alipoanza kuugua, na jinsi mikono yao inavyotetemeka. Mwonyeshe daktari mmoja unayemwamini, umuulize kama risasi yaweza kumfanyia mtu hivyo. Mwezi ukiisha bila neno kutoka kwangu, mpelekee askofu nakala. Nisamehe kwa kukutwika mzigo huu, wewe uliyeuliza habari za nguo tu.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, na wale pacha; waambie babu yao bado anawadai ile barua waliyoahidi. Mungu ailinde milango yenu, mtokapo na mwingiapo, nanyi mnikumbuke Jumapili saa nne asubuhi.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye kwa heshima na shukrani,

Katibu

Mletaji wa barua hii ni dereva wa lori la kiwanda hicho hicho, atakayepita kwenu Ijumaa na shehena ya betri. Usishtuke ukiiona nembo ya kiwanda kwenye mlango wa lori. Mpe chai, na mbele ya utingo wake mzungumze habari za koti tu. Leo alasiri tunazika, na kesho amelazimishwa kurudi barabarani. Yule wa saba ni mdogo wake.