Nilimtazama Mkwe Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI (MARA YA PILI)
Kituo cha Polisi Busia, upande wa Kenya. Jumatatu, tarehe 15 Agosti 1966, saa tatu asubuhi.
Jina: Teopista Apolot. Umri: miaka arobaini na saba hivi. Kazi: mkulima. Makazi: Mella, Tororo, Uganda.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jana jioni nilisema hapa kwamba sikuona aliyempiga dereva Egesa. Nilidanganya. Kwa uongo huo mkwe wangu Eriya Odeke, mume wa binti yangu Scovia, amelala mahabusu, na binti yangu ana mimba ya miezi minane. Leo nasema kweli.

Mnamo tarehe 11 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, kwaya yetu ya kanisa iliondoka Mella kwa lori kwenda mkutano wa kwaya Kisumu. Eriya huimba besi. Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani, hawagusani, hawali pamoja. Mwenyekiti wetu, Goretti, anayajua hayo tangu utotoni. Aliniahidi kiti cha mbele, kando ya dereva. Tulipopita Sikuda akampakia kaka yake Ikiring, mtu ambaye hata kanisani haji, akampa kiti changu. Ikiring alikuwa amelewa kabla jua halijawa kali.

Siku nne, kila tulipokuwa njiani, nilikaa nyuma nimejifunika shuka kichwa mpaka magoti, uso nimeuelekeza ubaoni. Wenzangu wakanifanya mchezo. Mmoja angesema, "Mama Scovia, mkwe anakuangalia!" wote wakacheka. Kisumu nilipewa chakula mwisho, kimeshapoa, kwa sababu sikuweza kula alipokuwa Eriya. Wimbo wa upendo waliuimba vizuri sana. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilivaa sare ya kwaya.

Tukirudi, jana Jumapili saa tisa alasiri, gurudumu lilipasuka hapa Busia, karibu na soko. Eriya alimwendea dereva, akasema kwa sauti ya juu: "Mzee Egesa, sasa mama atakaa mbele. Nimechoka kuona mnamfanya mzigo."

Egesa akajibu: "Mimi naendesha tu. Mambo ya kiti uliza Goretti."

Walibishana, kila mtu alisikia. Kisha Eriya akapanda nyuma ya lori kupunguza mizigo.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, hatua kama kumi. Siku zote nne hakuna aliyenitetea ila huyo mtoto wa watu. Nikafunua shuka, nikamtazama. Haikuwa bahati mbaya, nilitaka kuuona uso wake. Alikuwa juu ya lori, amekumbatia gunia la mihogo kwa mikono miwili. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Ameoa kwangu miaka sita, sikulijua.

Chini yake Ikiring alikuwa akimwambia dereva wangoje, akanywe kidogo. Egesa, ameinama anakaza nati, akasema: "Wewe, tunakwenda." Ikiring akaokota chuma cha jeki, akampiga kisogoni mara moja. Egesa akaanguka. Eriya akatupa gunia, akaruka kumwinua, damu ikamwingia shatini. Hapo Goretti akapiga kelele: "Eriya ameua!" Wengine wakaitikia.

Nawachukia watu wale. Andika hivyo, afande. Egesa yuko hospitali, hajasema neno. Walijua siwezi kusema niliona bila kukiri kwamba nilimtazama mkwe wangu, na jana aibu ilinifunga mdomo kama walivyotaka. Usiku kucha nimelia.

Yangu ndiyo hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimesikia, ni kweli.

Dole gumba la kulia: Teopista Apolot

Maandishi ya askari: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Oguttu. Kabla shahidi hajatia dole, nilimweleza kwamba atatakiwa kuyarudia mahakamani, mkwewe akiwa mbele yake, na kumwonyesha hakimu lile kovu. Aliuliza kama ataruhusiwa kusema akiwa amempa mgongo. Nikamwambia hapana. Akanyoosha mkono, akaomba wino.